Kukariri si Kuhifadhi

Yeyote aliyepata kulala katika nyumba yenye mtahiniwa wa Kidato cha Sita, hususan siku za Aprili ambapo mtihani wa Mei umekwisha kupiga hodi, anaijua sauti ile ya usiku wa manane, sauti ya kijana alitamkaye neno moja la Kiingereza mara kumi, kisha jingine mara kumi, kana kwamba anavuta uradi. Nami niliisikia mjini Singida, nyumbani kwa dada yangu, kupitia ukuta usiofika darini, hata nikaacha kuutafuta usingizi nikaketi kumsikiliza mpwa wangu akipiga msuli, kama wasemavyo wenyewe.

Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba na uji wa uwele, nilimwomba anionyeshe daftari lake la misamiati. Lilikuwa limepigwa mstari wa rula katikati ya kila ukurasa, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake, nayo ni ya Kiingereza vilevile, yote yamenakiliwa kwa hati safi kutoka katika madesa na majibu ya mitihani iliyopita. Nilimpongeza kwa bidii yake. Lakini kila neno nililomtajia alinijibu kwa maana ileile iliyoandikwa, nukta kwa nukta, na nilipomwomba aniambie kwa maneno yake mwenyewe, aliniangalia kama mtu aliyeombwa fedha asiyokuwa nayo.

Sina haki ya kumcheka. Enzi zangu, nikijiandaa kwa mtihani kama huu katika shule ambayo sitaitaja, nilijiwekea sharti la kumeza maneno arobaini kila usiku kwa mwanga wa kibatari, nikiitakidi kwamba msahihishaji hupima insha kwa uzito wa maneno kama mnunuzi wa vitunguu apimavyo gunia. Na katika insha ya majaribio nikaandika kwamba marehemu baba yangu alikuwa "notorious" kwa ukarimu wake, kwa kuwa kamusi niliyoiazima ilianza kulieleza neno hilo kwa "mashuhuri", na kile kipande kilichofuata, kilichosema kwamba umashuhuri huo ni wa ubaya, kilikuwa kimeangukia mstari wa pili, nami nilikuwa nimekwisha kusinzia. Mwalimu aliisoma sentensi ile mbele ya darasa. Hakulieleza kosa, alicheka tu, na darasa likacheka kwa kumfuata, ingawa naamini wengi hawakujua kinachochekwa. Katika maneno yale ya arobaini arobaini, mengi yalikwisha kunitoka kabla ya matokeo kubandikwa, ila hilo moja nitakwenda nalo kaburini.

Lugha yetu ina vitenzi viwili, vyote vyenye asili ya Kiarabu, ambavyo siku hizi tunavichanganya. Kukariri ni kurudiarudia, basi. Ama kuhifadhi ni kukiweka kitu mahali pa salama ili kipatikane siku ya haja, kama mwenye ghala aliwekavyo gunia la uwele akijua limesimama pembe gani. Mtu aweza kukariri usiku kucha asihifadhi kitu, na aweza kulihifadhi neno kwa kulisikia mara moja tu, iwapo limemjia pamoja na jambo lake. Na hili neno kamusi, tulilolipokea kwa Waarabu, maana yake ya asili ni bahari kuu. Likawa jina la vitabu vya maneno kwa sababu mwanachuoni Al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, aliiita kazi yake Bahari Izungukayo. Nasi twamtaka kijana aimalize bahari hiyo kati ya Machi na Mei.

Tena mzigo wa kijana wa Singida una matabaka. Mnyaturu au Mnyiramba huanza na lugha ya mama yake. Huingia shule ya msingi akakuta Kiswahili, ambacho tangu 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia. Na pindi anapokimudu hata kukifanyia utani, huvuka kwenda Kidato cha Kwanza akakuta Historia, Jiografia na Fizikia zimebadili ulimi wakati wa likizo. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya sisi kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki, lilitupa mitihani ya kwetu, lakini lugha ya karatasi katika masomo mengi ya sekondari ikabaki ileile. Na Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali haikukubali. Mimi nilikuwa upande wa Tume, na ningali huko. Hata hivyo mpwa wangu ana mtihani Mei, na mtihani haungoji sera.

Katika daftari lake niliona "inland drainage", na maana yake ndefu. Nikamwomba mifano, akataja Eyasi na Rukwa bila kupumua, kama ilivyo katika desa.

"Na hapa kwetu?"

Akanyamaza. Tukatoka tukashuka hadi ukingoni mwa Ziwa Singidani, penye majabali yale makubwa yaliyopandana, heroe wachache wamesimama majini kwa mguu mmoja mmoja. Nilimwambia achovye kidole aonje; akakunja uso.

"Mvua imenyesha tangu Novemba," nikasema, "na vijito vyote hivi vinaingiza maji humu. Yanatokea wapi?"

Alizungusha macho ukingo mzima, taratibu, kama mtu atafutaye mlango. "Hayatoki, Mjomba."

"Sasa yanakwenda wapi?"

"Jua linayachukua." Kisha akakitazama kidole chake. "Chumvi inabaki. Kumbe ndiyo hii!"

Njiani tulipita penye mashine ya kukamulia alizeti, ambapo mashudu yalikuwa yamerundikwa magunia kwa magunia yakingoja wafugaji, na safari hii ni yeye aliyesimama, akauliza kama neno "residue", lililompiga chenga tangu Kidato cha Tano, haliwezi kuanzia hapo. Nikamwambia laweza.

Sidai kwamba kila neno lina ziwa lake. Yapo ambayo hayana budi kukaririwa tu, na vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni ni kazi ya usiku na subira. Hakuna matembezi yatakayomfundisha mtu hayo. Lakini jioni ile mpwa wangu alichukua rula akapiga mstari wa pili katika kila ukurasa, akapata safu ya tatu, akaiandikia juu: "Nimeliona wapi". Nilipoondoka Singida safu hiyo ilikuwa imejaa kurasa nne tu, yenye mapengo mengi. Mbele ya "inland drainage" pameandikwa Singidani. Mbele ya "residue", mashudu. Na mbele ya "notorious", kwa hati ileile safi, ameandika: insha ya Mjomba.