Yeftha Alipomwahidi Mungu Chochote

Kisa cha Yeftha, katika sura ya 11 ya kitabu cha Waamuzi, husomwa kanisani mara chache, na kikisomwa wengi wetu tunakimbilia mwisho wake, kwa binti wa Yeftha. Leo naomba tukae zaidi mwanzoni, maana huko ndiko kosa lilikoanzia, na ni kosa ambalo mimi na wewe tunaweza kulitenda kesho alfajiri tukiwa tumepiga magoti.

Yeftha alikuwa mtoto wa kahaba. Ndugu zake walimfukuza asirithi mali ya baba yao, akaenda kuishi Tobu na watu wasio na mbele wala nyuma. Waamoni walipoishambulia Israeli, wazee wa Gileadi wakamfuata arudi kuwaongoza vitani. Tazama alivyozungumza nao. Aliwauliza kwa nini wanamjia sasa wakiwa taabuni, na wao ndio waliomchukia. Kisha akataka jibu la wazi: Bwana akimpa ushindi, atakuwa kichwa chao au hatakuwa? Hakwenda mpaka walipomfanya Bwana shahidi, na maneno yake yote akayarudia mbele za Bwana huko Mispa. Hata kwa mfalme wa Waamoni alituma wajumbe wenye hoja zilizopangwa: safari ya kutoka Misri, mipaka ya mito, na miaka 300 ambayo Israeli walikaa Heshboni na Aroeri bila mtu kuidai ile nchi. Huyu hakuwa mropokaji.

Mtu huyohuyo alipomgeukia Mungu, aliahidi kwamba akirudi salama, chochote kitakachotoka mlangoni mwake kumlaki kitakuwa cha Bwana, naye atakiteketeza kiwe sadaka. Ombi lake lilieleweka vizuri: ushindi juu ya Waamoni. Ahadi yake ndiyo haikuwa na jina wala mpaka. Ni kama mtu aliyetia sahihi kwenye karatasi ya deni kabla kiasi hakijaandikwa.

Dalili za hatari zilikuwepo, tena karibu. Mstari wa 29 unasema Roho ya Bwana ilimjia Yeftha. Nadhiri inakuja mstari wa 30. Alikuwa amekwisha kupewa alichohitaji, lakini hofu ilimsukuma aongeze dau. Wengi wetu huahidi makubwa saa hiyohiyo, si kwa sababu Mungu ameomba, bali kwa sababu tumbo linatukata kwa wasiwasi.

Halafu, nani angetoka mlangoni? Wanawake wa Israeli walikuwa na desturi ya kuwapokea washindi kwa matari na kucheza. Miriamu aliimba hivyo baada ya Bahari ya Shamu, na baadaye Sauli na Daudi wakalakiwa vivyo hivyo. Yeftha alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana. Wapo wanaodhani alikuwa akimfikiria mnyama, kwa kuwa mifugo ililala ndani ya ua. Lakini walimu wa Kiyahudi wa kale waliuliza swali zuri: je, kama angetoka mnyama najisi, angemtoa huyo? Katika Talmudi wanamweka Yeftha pamoja na Eliezeri, mtumishi wa Ibrahimu, na mfalme Sauli, watatu walionena bila mpango. Wawili walijibiwa kwa rehema. Yeye hakujibiwa hivyo.

Aliporudi, binti akatoka na matari. Yeftha akararua nguo zake, na neno lake la kwanza lilikuwa kumlaumu mtoto kwamba amemshusha sana. Hapo huwa nasimama kidogo. Aliyefungua kinywa ni baba, lakini lawama imemwangukia aliyetoka kumshangilia.

Na bado mlango wa kurudi ulikuwepo. Torati ilikataza waziwazi kuteketeza watoto, na sura ya 27 ya Walawi iliweka fedha ya kumkomboa mtu aliyewekewa nadhiri. Binti aliomba miezi miwili ya kulia milimani. Katika muda wote huo hatusomi kwamba baba alimwendea kuhani hata mmoja. Masimulizi ya marabi yanasema Finehasi, kuhani mkuu, alingoja Yeftha aje kwake, na Yeftha akangoja Finehasi amfuate. Kati ya vyeo viwili msichana akapotea. Wafasiri hawakubaliani kama aliuawa au aliwekwa bikira maisha yake yote. Kwa vyovyote, uzao wa Yeftha uliishia hapo.

Sisi hatuna vita na Waamoni, ila tuna usaili wa kazi, mtoto aliyelazwa, shamba lenye kesi. Tunasema, “Bwana, ukinitoa hapa nitakutumikia kwa kila kitu.” Ndugu yangu, kitu gani? Ada ya watoto imo? Muda wa mkeo umo? Jibu likija, moyo hauna amani, maana hujui kama umelipa au bado, na mara nyingi anayebeba mzigo ni mtu wa nyumbani ambaye hakuulizwa.

Linganisha na Hana, mkewe Elkana, katika Samweli wa Kwanza. Naye aliweka nadhiri ya mtoto, akiwa na uchungu hata kuhani Eli akadhani amelewa. Lakini aliomba mtoto wa kiume, akasema atampa Bwana siku zote za maisha yake, na wembe hautapita kichwani pake. Alijua anachotoa, na kilikuwa chake kukitoa. Tena, kwa sheria ya Hesabu 30, mume aliposikia nadhiri ya mkewe aliweza kuitangua siku hiyohiyo. Elkana hakuitangua, alimwambia afanye aonavyo vema, amnyonyeshe mtoto kwanza. Nadhiri ya Hana ilipita masikioni mwa mtu mwingine ndipo ikasimama. Basi kabla hujaahidi, mwambie mwenzi wako, au mchungaji, au katekista, kwa maneno yaleyale unayotaka kumwambia Mungu, umwache akuulize maswali.