Kodi ya nyumba na dawa za mama



Likizo iliyopita nilikuwa Kilwa Masoko. Jioni moja baada ya jumuiya, kaka mmoja wa kwaya akanivuta pembeni. "Frateri, nina swali, ila naomba usinihubirie."

Mshahara wake ni laki nne na nusu kwa mwezi. Anaishi chumba kimoja cha 40,000, nyumba ya wapangaji saba na choo kimoja. Sasa amepata chumba na sebule, choo ndani, chini tailizi, luku yake mwenyewe: 120,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000. Akiba yake ni 300,000. Iliyobaki angekopa kikoba, na ili arudishe mkopo angesimamisha kwa muda ile 60,000 anayomtumia mama yake Kivinje kila mwezi. Mama anatumia dawa za presha. Na kaka anafunga ndoa baada ya Pasaka.

Nikamjibu haraka haraka kwamba abaki pale pale, kwani hata Familia Takatifu ilipitia zizi la ng'ombe. Akacheka kidogo. "Frateri, wewe unalala bure."

Jamani, iliniingia. Ni kweli. Tangu niingie seminari sijawahi kulipa kodi ya chumba hata shilingi moja. Kitanda, maji, ugali na maharage, vyote vinakuja kwa sadaka za watu kama yeye.

Usiku sikupata usingizi vizuri. Mitandaoni jibu lipo tayari: kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, basi. Lakini asilimia hiyo ina historia yake. Marekani mwaka 1969 sheria iliweka kwamba mpangaji wa nyumba za umma asilipe zaidi ya robo ya kipato chake, na mwaka 1981 ikapandishwa kuwa asilimia 30. Ilikuwa kinga ya mpangaji maskini. Haikushuka na Musa kutoka Sinai. Halafu piga hesabu: 120,000 kwa 450,000 ni chini ya asilimia 27. Kaka amefaulu mtihani, na dawa za mama zimekatika! Tena huku pwani ya Lindi utamwambia mkulima wa korosho asilimia 30 ya mwezi upi? Hela yake inakuja mnada ukifanyika, miezi mingine ni kuungaunga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, kulikuwa na watu ambao hawakuwa na kipato cha kukatia asilimia yoyote.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alinisaidia zaidi. Akizungumzia sadaka kwa maskini, anatofautisha mahitaji ya aina mbili. Kuna kitu ambacho bila hicho mtu hawezi kuishi. Na kuna kitu ambacho bila hicho mtu hawezi kuishi inavyostahili hali yake na ya wale anaowatunza. Hiki cha pili, anasema, hakina kipimo kilichosimama sehemu moja: unaweza kuongeza mengi na bado usiwe umezidisha, ukapunguza mengi na bado ukaishi kwa heshima. Anaongeza kwamba kwa kawaida mtu asijinyime kiasi cha kushindwa kuishi kadiri ya hali yake, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni pale anapobadili maisha na kuingia utawa. Hapo nikajiona mimi! Nilikuwa nimempimia kaka kwa kipimo cha anayeelekea altareni peke yake, wakati yeye anaelekea altareni na mchumba. Sababu nyingine ni mwenzako kuwa katika dhiki kubwa. Hapo nikamwona mama wa Kivinje.

Kwa hiyo tailizi ziko aina ya pili, na zinavutika. Dawa ziko aina ya kwanza, na hazivutiki. Nadhani kosa la asilimia ni kwamba inapima kinachotoka mfukoni bila kuuliza kama chote kilichomo mfukoni ni chako.

Kesho yake tulivuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Tulikaa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Suleiman: vyumba zaidi ya 100, na birika la pembe nane kwenye mwamba juu ya bahari. Ibn Battuta alimkuta sultani huyo mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu. Anasimulia kuwa maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. (Zawadi nyingine alizompa zilikuwa watumwa na pembe za ndovu. Ukarimu nao una mahali ulikotoka.) Alipofariki akarithiwa na ndugu yake Daud, na huyo, maskini wakimjia, aliwaambia kwamba mtoaji ameshakufa na hakuacha cha kutoa. Jumba lenyewe sehemu zake hazikumalizika. Leo wanakaa popo.

Nikamwambia kaka: ile 60,000 itoe kwanza kwenye hesabu, kama vile haijawahi kuwa yako. Umebaki na 390,000. Sasa nenda kaongee na mwenye nyumba, na kabla yake ongea na mchumba wako.

Mwenye nyumba alikubali miezi mitatu, 360,000. Kaka alimaliza akiba yote na kuazima 60,000 kwa rafiki. Kwangu bado naona amejivuta mno, angetafuta hata ya 80,000, na nilimwambia. Mchumba wake akanijibu yeye: "Frateri, choo cha watu saba nimekitumia tangu nizaliwe."

Siku ya kuondoka walinikaribisha wali na pweza wa nazi. Viti havikuwepo bado, tukakaa chini. Zile tailizi zilikuwa baridi vizuri kwa joto lile, na mimi ndiye niliyechelewa kuinuka.