Nakala, Asilia na Dhamiri ya Mhakiki

Je, anayenunua nakala ya mchoro hununua nini? Swali hili huonekana jepesi hasa pale ambapo mchoro wenyewe ni milia mitupu ya rangi, isiyowakilisha mtu wala kitu. Nakala za aina hii huuzwa zikisifiwa kwa kudumu: karatasi ya pamba isiyo na asidi na wino usiopauka upesi. Hata hivyo, kudumu kwa karatasi si hoja ya uhalali wa nakala.

Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alitofautisha sanaa za aina mbili. Utenzi hubaki utenzi ule ule kila unaponakiliwa kwa usahihi. Mchoro, kinyume chake, hufungamana na historia ya kitu kimoja. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na hapana adaiye kwamba msomaji wa nakala hizo alipunjwa.

Mchoro wa milia, basi, uko upande upi? Mnamo 1969, mjini Washington, nakala 50 za mchoro mmoja wa Gene Davis (1920-1985), zilizochorwa na wasaidizi kwa ridhaa yake, ziligawiwa bure. Tendo hilo laweza kufasiriwa hivi: ikiwa milia yaweza kuandikwa kama orodha ya rangi na vipimo, basi kila aifuataye orodha hiyo ameutoa mchoro wenyewe, kama mnakili autoavyo utenzi.

Hoja hii ina mashiko, ila nakala ya dukani haiifuati orodha hiyo, huvipunguza vipimo. Turubai la mita kadhaa, ambalo mtazamaji hulazimika kutembea mbele yake, hugeuka kitu cha kutupiwa jicho mara moja. Kilichopotea ni muda, nao Davis aliifananisha milia yake na muziki.

Kwa hivyo kosa la kimaadili halimo katika kununua. Sisi tunaofundisha mbali na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani tunaijua sanaa hiyo kwa nakala. Kutunyima nakala ni kutunyima elimu. Kosa huanza pale mhakiki anapoitolea nakala hukumu inayoistahili asilia, akanyamaza kuhusu alichokiona hasa. Na kosa hilo hatulitendi kwa michoro pekee. Ni mara ngapi tumeihukumu ngano ambayo hatukuwahi kumsikia fanani wake, bali tuliisoma kitabuni tu?