Amana ya Mgonjwa na Neno "Amri ya Mungu"

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha ugonjwa akateremsha na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Twawaandikia ndugu zetu wa pwani tukiwa Chechelesi, mtaa wa mji wa Isiolo, tulikoalikwa kusomesha. Siku moja baada ya darsa ya Alasiri mzee mmoja alituuliza suali ambalo tumeona si haki liishie mkekani. Alisema: "Maalim, mgonjwa akipewa hospitalini dawa isiyokuwa yake, akafa, je, si siku zake zimekwisha? Na sisi jamaa zake tukinena, si tutakuwa tumeipinga amri ya Mungu?"

Suali hili si la Chechelesi peke yake. Mombasa, Lamu na Malindi pia, maiti hutolewa wodini, na kabla kaburi halijafunikwa watu wameshasema "amri ya Mungu" na mambo yamekwisha. Neno lenyewe ni la kweli. Lakini neno la kweli huweza kutumiwa kufunika lisilokuwa la haki.

Twajibu hivi. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, wala hafi mtu ila kwa idhini ya Mola wake. Lakini kadari haikuwekwa iwe pazia la uzembe. Sayyidna Umar, katika mwaka wa 18 wa Hijra, alipopata khabari ya tauni iliyozuka Sham, aliwarejesha watu aliokuwa nao. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake. Basi kujihadhari nako ni kadari.

Tena tazameni Sura ya An-Nisaa, aya ya 92. Mwenyezi Mungu ametaja humo mtu anayemuua Muumini kwa makosa, bila ya kukusudia. Je, ameambiwa aende zake kwa kuwa ni kadari? Hakuambiwa hivyo. Amewekewa kafara, na jamaa wa marehemu wamewekewa dia, ila wao wenyewe wakisamehe. Kukosea si sawa na kuua kwa kusudi, lakini makosa hayaiondoi haki ya aliyedhurika.

Na lililo karibu zaidi na suali letu ni khabari aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Sahaba mmoja alipigwa na jiwe safarini, akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipoelezwa alikasirika, akasema kwamba wao ndio waliomuua. Kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, na hali dawa ya asiyejua ni kuuliza? Hao walikuwa watu wema, na nia yao ilikuwa nzuri. Hata hivyo Mtume hakuwaambia kwamba siku za mwenzao zilikuwa zimekwisha. Aliwaonyesha mahali walipokosea, ili asife mwingine kwa sababu ile ile.

Wazee wetu katika dini waliufahamu vyema mwendo huu. Mwaka 931 wa Miladi mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamrisha asitibu mtu yeyote mpaka apimwe elimu yake na Sinan bin Thabit, na waliopimwa walizidi 860. Na katika vitabu vya hisba imeelezwa kwamba tabibu aandike aliyoyaona na dawa aliyoitoa, na nakala wapewe jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa akifa, jamaa wazipeleke nakala zile kwa mkubwa wa matabibu azitazame. Akiona tabibu amefanya ilivyopasa, husema hivyo. Akiona amefanya taksiri, huwaambia jamaa wadai dia. Haya yaliandikwa na Waislamu karne nyingi kabla ya hospitali zetu za leo. Nasi leo twaona haya hata kuuliza jina la kidonge.

Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya pahala padogo tu. Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtu mmoja alipasuliwa kichwa, kisha ikadhihirika kwamba aliyestahili kupasuliwa ni mwingine. Ilielezwa kwamba vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganyika. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwamba katika kila wagonjwa 10 wanaotibiwa ulimwenguni, mmoja hivi hupata madhara kutokana na matibabu yenyewe, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiliwa.

Sasa tazameni hali yetu wenyewe. Majina yetu ni mamoja. Wodi moja huweza kuwa na Fatuma Ali wawili na Halima Hassan watatu. Wazee wengi hawaijui siku waliyozaliwa, na kitambulisho kimeandikwa tarehe 1 Januari, wao na jirani zao wote. Basi muuguzi akiita jina, huitika zaidi ya mmoja; na akiuliza siku ya kuzaliwa, wote hutoa ile ile. Hapa Isiolo huongezeka jambo la lugha: mgonjwa ana Kiborana au Kisomali au Kiturkana, na anayemtibu hana. Huko kwenu bibi aliyetoka kisiwani na Kibajuni chake huweza kuitikia "ndiyo" kwa kila aulizwalo, kwa adabu tu, si kwamba amefahamu.

Ndugu zetu, hatuwezi kuwanasihi watu tukajiacha nafsi zetu. Miaka iliyopita tulikaa kitandani pa mama mmoja wa jamaa zetu katika hospitali ambayo hatuitaji. Asubuhi alipewa vidonge vyeupe viwili. Jioni akaletewa kingine, cha rangi na umbo mbalimbali na vile. Tulikiona. Tukajiambia: "Sisi ni nani hata tumuulize mwenye elimu yake?" Tukanyamaza. Usiku mama akatoka jasho, akatetemeka, akawa haujui usemi wake. Kidonge kile kilikuwa cha mgonjwa wa sukari aliyelala kitanda cha pili, aliyeitwa jina kama lake. Sista wa zamu alitambua upesi, akampima, akamtilia maji ya sukari mshipani, na kwa rehema ya Mungu akapona. Sisi ambao kila wiki tulikuwa tukisomesha ile khabari ya Jabir, siku hiyo haya ilituziba mdomo. Twamwomba Mwenyezi Mungu maghufira.

Na lililotufunza zaidi lilikuja asubuhi yake. Sista yule alikuja mwenyewe, akatuambia: "Mimi ndiye niliyekosea, na nimekwisha kumwarifu mkubwa wangu." Angeweza kuficha, wala tusingejua. Mama akamsamehe pale pale. Na tangu siku ile wenye majina yanayofanana hawakulazwa vitanda vya karibu katika wodi hiyo. Lau angalificha, yeye angesalimika na lawama, na mgonjwa wa wiki ya pili angekufa. Basi anayekiri kosa lake asifanywe adui, kwani tukimtukana huyu, wenzake watajifunza kuficha.

Kuulizana huku hata wataalamu wamekuona kuwa ni dawa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana dawa gani inayomdhuru, na vifaa vyote vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmoja wao ni Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: waliokufa walipungua kutoka 1.5 katika kila mia hadi 0.8, na waliopata madhara kutoka 11 hadi 7. Haikuongezwa mashine ya thamani. Waliongeza kuuliza.

Kwa hivyo twausia mambo haya. Kwanza, mgonjwa ataje majina yake matatu na pahala atokapo, na jamaa aulize kwa upole kabla ya kila dawa: "Hii ni ya nani, na ni ya nini?" Kuuliza si kukosa adabu. Mgonjwa ni amana, nawe ni mwenye kuichunga.

Pili, tusimfiche tabibu kitu. Mwenye kunywa mitishamba, au dawa ya kuazima kwa jirani, au aliyekwisha kwenda kwa mganga akaona haya, na aseme. Tabibu akikosea kwa sababu tumemficha, lawama ni yetu.

Tatu, twawaambia watoto wetu walio wauguzi, matabibu na wauza dawa: Mtume amefunza kwamba mwenye kutibu bila ya kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa anachokiharibu. Asiyejua aulize, na aliyekosea aseme siku ile ile.

Nne, misikiti yetu ichague vijana wenye lugha mbili, wanaume kwa wanawake, wawasindikize wagonjwa wasiokuwa na msemaji. Hapa Chechelesi jambo hili limekwisha kuzungumzwa, na twataraji litaanza.

Tano, aliyedhurika asinyamaze wala asivunje vioo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imempa mgonjwa haki ya kuelezwa khabari yake kwa lugha anayoifahamu, na haki ya kushtaki. Na liko Baraza la Matabibu na Madaktari wa Meno la kupokea mashtaka hayo. Kudai haki kwa njia yake si kupinga kadari.

Mzee wetu tulipomjibu haya aliinama kitambo, kisha akasema: "Basi mke wangu tulimzika bila ya kuuliza." Hatukuwa na la kumjibu ila kumwombea dua marehemu, nasi twawaomba nyinyi mumwombee pia. Na kila mwenye mgonjwa hospitalini usiku huu, na aende akaulize.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, wape wenye kututibu elimu na ukweli, nasi utupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kusamehe. Amin.