Haraka na Ngoja Ngoja Hospitalini

Wazee wetu walituachia methali mbili zionekanazo kupingana: "Haraka haraka haina baraka," na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Leo twapenda kuzipima zote mbili kwa jambo liwagusalo wagonjwa wetu: majaribio ya tiba yafanywayo hospitalini.

Wako wasemao kwamba kumjaribia mgonjwa tiba ni kumgeuza chombo. Hofu hiyo tusiidharau, maana mtu si chombo cha mwenzake. Walakini yafaa tujiulize: kumtibu mtu kwa desturi ambayo haikupimwa, je, si kumjaribu pia, tena pasipo kuandika matokeo?

Katika nchi tajiri ilikuwa desturi kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake yazunguka kwa udhaifu, apewe upesi maji mengi kwa njia ya mshipa. Mwaka 2009 hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, mojawapo ikiwa ile ya Kanisa huko Lacor, zilianza kuipima desturi hiyo. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa kura; wenye ugonjwa wa kuhara hawakuhesabiwa humo. Mwaka 2011 jibu likatangazwa. Katika saa 48 za kwanza, miongoni mwa kila watoto 100 waliopewa maji hayo walikufa zaidi ya 10. Miongoni mwa wasiopewa, 7. Lililodhaniwa kuwa rehema lilikuwa likiua.

Basi, ikiwa kutojua kwaweza kuua, kuchelewa kujua si jambo la makaratasi tu, bali ni jambo la dhamiri. Jaribio likikaa miezi mingi likisubiri sahihi, kila ofisi ikirudia kuchunguza yaliyokwisha kuchunguzwa na nyingine, kuna mgonjwa anayelipa gharama ya kungoja huko, wala hapewi hesabu yake.

Kwamba yawezekana kufanya vingine, Uingereza ilituonyesha wakati wa Korona. Mwezi wa Machi 2020, tangu mpango wa jaribio liitwalo RECOVERY kuandikwa hata mgonjwa wa kwanza kuingizwa, zilipita siku 9 tu. Mpango ulikuwa mmoja kwa hospitali zote, maswali yalikuwa machache, na kazi ilifanywa na waganga na wauguzi wale wale wa wodini. Mwezi wa Juni ikajulikana kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliopumua kwa mashine.

Lakini haraka ina mpaka wake. Katika lile jaribio la watoto, mzazi aliyefika na mtoto mahututi aliweza kuulizwa kwanza kwa maneno machache. Maelezo kamili na sahihi yake vilifuata baadaye. Kamati za maadili zilikuwa zimekwisha kuukubali utaratibu huo. Hata hivyo, hapa dhamiri yasita kidogo. Mama aliyeshika mtoto anayekata roho ana uhuru gani wa kukataa? Twaona kwamba utaratibu wa namna hii wakubalika pale tu ambapo hapana nafasi ya kungoja, na wanakijiji wameelezwa mapema.

Kwa hiyo methali zile hazipingani, bali kila moja ina mahali pake. Ngoja ngoja iondolewe mezani: mipango itayarishwe kabla ya maradhi kuzuka, na kamati zikubaliane kupokea uchunguzi uliofanywa vema na wenzao. Haraka iondolewe kitandani: hapo mgonjwa aelezwe kwa lugha yake, aulize, akatae akitaka, na asikose matibabu kwa sababu hiyo.

Na jaribio likiisha, wale waliojitoa warudishiwe jibu. Mzazi aliyemtoa mwanawe ili wana wa wengine wapone, amestahili kuambiwa kilichopatikana, hasa ikiwa wake hakupona.