Kitendo ni Changu, Moyo si Wangu

"Papa, Yesu alisema tusihukumu. Weye kila Jumamosi unahukumu vijana ishirini na wawili. Komunyo unaipokea namna gani?"

Mama aliyeniuliza hivyo ni jirani, tunasali pamoja hapa Mulekera, katika mji wa Beni. Aliniuliza mlangoni pa kanisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehofia roho ya ndugu yake. Sikuwa na jibu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemhukumu mtoto wa watu, na hukumu ile ilininyima usingizi.

Mimi ni mwamuzi wa mpira wa vijana. Kiwanja chetu ni udongo mtupu. Mistari tunaichora kwa majivu, na mvua ya Beni ikinyesha mistari inaondoka, tunabaki kuikumbuka. Mechi tunaianza mapema ili kila mtoto awe kwao kabla ya giza. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, katika mji huu mzazi hatulii mtoto akichelewa kurudi.

Siku ile zilibaki dakika chache, timu zikiwa sare. Mshambuliaji mmoja, kijana wa miaka 16, aliingia eneo la penalti akaanguka. Nilikuwa nyuma sana, jua machoni. Nilikuwa nimekwisha kumwonyesha kadi ya njano, na kabla ya hapo alikuwa ameanguka mara mbili kwa namna ambayo sikuiamini. Nikajiambia: huyu ni mwongo. Nikampa njano ya pili kwa kujiangusha, kisha nyekundu. Alitoka akichechemea, watu wakimzomea kwa jina nililompa mimi. Jioni nikapata habari kwamba kifundo cha mguu wake kimevimba, kiatu hakiingii.

Sheria ya 5 ya mpira inasema mchezo ukishaanzishwa tena, mwamuzi hawezi kugeuza alichoamua. Basi matokeo yalibaki yalivyo. Kilichoniuma hakikuwa matokeo.

Nilirudi kwenye kitabu cha sheria. Kwa rafu ya kawaida, hakiniulizi kama mchezaji alikusudia mabaya. Kinaniuliza: alicheza bila uangalifu? Ni mpira wa adhabu. Hakujali hatari aliyomtia mwenzake? Njano. Alitumia nguvu kupita kiasi? Nyekundu. Vipimo vyote vitatu ni vya kitendo. Mahali pachache tu, kama kujiangusha au kuunawa mpira kwa makusudi, ndipo sheria inaponisogeza karibu na nia ya mtu. Hapo ndipo nilipoanguka mimi. Sikuuona mguu ukigusa mguu, wala sikuuona ukikosa kugusa. Nilichokiona ni sifa ya kijana, nikaihukumu hiyo.

Nabii Samweli naye, alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alivutiwa na kimo cha Eliabu, na Mungu akamzuia. Ikiwa nabii aliweza kupotezwa na jicho, sembuse mimi mwenye firimbi?

Lakini siamini kwamba dawa ni kuacha kuamua. Watoto hawa wamekulia mahali ambapo wengi wameuawa na wachache mno wameitwa kujibu. Wakiona mkubwa anaachwa amkanyage mdogo, na mtu mzima amesimama pale akijisemea kwamba hapendi kuhukumu, watajifunza kwamba haki ni ya mwenye nguvu. Huko si kumtii Yesu. Ni kumwacha mnyonge peke yake, na jina la Yesu mdomoni. Kumwambia mtu "umefanya kosa" ni wajibu wangu. Kumwambia "wewe ni mtu wa namna hii" hakuna aliyenipa ruhusa.

Namfikiria mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, Maradona wa Argentina alifunga kwa mkono dhidi ya Uingereza. Bennaceur hakuuona mkono. Akamtazama msaidizi wake, kisha akakubali bao. Argentina ikashinda 2-1. Mwaka 2015 Maradona alikwenda Tunisia, akamtembelea nyumbani kwake, akampa jezi. Bao halikufutwa, lakini watu wawili walikaa pamoja.

Mimi nilichelewa juma zima. Injili inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utoto bila kuyainukia. Jumamosi iliyofuata, mechi ilipokwisha, nilikwenda kwa kina kijana yule. Mama yake alinipa kiti. Nikamwambia kijana, mbele ya wadogo zake: "Mwanangu, nilikuita mwongo na sikuwa nimeona. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo, akiutazama mguu wake. "Papa, mechi tulishaikosa," akasema. "Lakini uwaambie na wale wa kiwanjani."

Alidai haki yake. Uongo niliutangaza hadharani kwa kadi, nami nilikuwa nimekuja kuufuta chumbani. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kupuliza firimbi ya kuanza, nilisimama katikati ya kiwanja nikawaambia watu wote kwamba kijana yule hakudanganya, kwamba niliyekosea ni mimi.

Kesho yake nikamtafuta mama jirani mlangoni pale pale. Nikamwambia kuamua sitaacha, na komunyo sitaacha. Ila nikimkosea mtu kiwanjani, nitapita kwake kwanza.