Risiti ni Ushahidi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya karatasi ndogo tu: risiti.

Mwezi wa tatu mwaka huu, dada mmoja aliyekuwa mshirika wetu na sasa anaishi Kanada alinipigia simu usiku. Kazi yake huko ni kulea watoto wa watu nyumbani kwake, wazazi wakienda kazini. "Pasta," akasema, "kuna mama anataka risiti kwangu, na mimi namdai pesa. Nifanyeje?"

Nieleze kidogo. Kule Kanada, mzazi anayemlipa mtu amlelee mtoto ili yeye aende kazini anaruhusiwa kutoa gharama hiyo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, hadi dola 8,000 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 7. Watu wengi hutakiwa kujaza fomu kufikia tarehe 30 Aprili, kama sisi tunavyokimbizana na KRA ikikaribia 30 Juni. Lakini lazima mzazi awe na risiti, na mlezi akiwa mtu binafsi, iwe na namba ya mlezi ya bima ya jamii.

Mama huyo alitakiwa kulipa dola 600 kila mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Alilipa miezi 10, miwili ikamshinda. Sasa aliomba risiti ya 7,200 yote, akaahidi kwamba kodi ikirudishwa atamaliza deni.

Mimi nimesomea biashara, na jibu lilinitoka haraka. "Usimpe risiti yoyote mpaka amalize. Hapo ndipo una nguvu." Akashukuru, tukaomba, tukaagana.

Usingizi haukuja. Nilikumbuka cheti changu cha KCSE. Kilikaa kwenye kabati la shule karibu miaka miwili kwa sababu ya balansi ya shilingi 14,000, na mama yangu alikuwa anauza mboga. Kila mahali nilipoomba kazi waliuliza cheti. Sasa ningelipa balansi na nini bila kazi, na kazi ningeipata wapi bila cheti? Na ni mimi huyo huyo nimemfundisha dada yetu kufunga kabati.

Asubuhi nikafungua Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6 unamkataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani. Mtu asiyesaga hali, na asiyekula hawezi kulipa. Mstari wa 10 na 11 zinamwambia mdai asimame nje ya nyumba. Haki ya kudai anayo, lakini ina mpaka. Yule mama alikwisha kulipa dola 6,000. Risiti ya pesa hizo inashuhudia jambo lililotendeka, na shahidi mwaminifu haweki ushahidi wake rehani.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini basi asimwandikie 7,200, amsaidie?" Hapana, wapendwa. Hata kama atalipa kesho, leo hajalipa. Dada yetu angekuwa ameshuhudia uongo, tena akaweka namba yake chini. Kuficha 6,000 zilizolipwa na kuandika 1,200 ambazo hazikulipwa ni dhambi mbili za nyumba moja.

Labda wengine wenu mnasoma mkifurahi kwa sababu ninyi ndio mnaodaiwa. Ngojeni. Sura ni hiyo hiyo, mstari wa 14 na 15: mfanyakazi alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, maana anaitegemea pesa hiyo. Hapa kwetu, mwanamke anayebaki na mtoto wako kutwa ndiye unayemlipa mwisho, baada ya landilodi, baada ya Fuliza, wakati mwingine baada ya saluni. Unamwambia, "Nitakutumia jioni," halafu unazima simu. Kesho asubuhi unamwachia mtoto tena.

Nilimpigia dada simu nikaomba msamaha. Akaandika risiti ya 6,000, na barua nyingine kando ya deni la 1,200, walipane dola 100 kila mwezi. Nikamwambia pia kwamba ana haki ya kukataa kuendelea kumlea mtoto huyo kama halipwi. Kukataa kazi mpya si sawa na kukana malipo ya zamani.

Mwezi uliopita yule mama hakutuma kitu. Dada akaniuliza, "Pasta, una hakika ulinishauri vizuri?" Nilimwambia deni bado ni lake, na aendelee kulidai, ila alidai kwa mikono safi.

Wiki hii kila mmoja ajiulize: nimeficha karatasi ya nani kabatini? Na nani anangoja pesa yake kwangu jua likitua?

Mungu awabariki.